Do ya Baba

Sogea karibu, msikilizaji. Nakuita msikilizaji ingawa macho yako yako kwenye karatasi, kwa sababu jambo ninalotaka kukueleza haliingii kwa macho. Ni jambo la masikio, na masikio unayo. Watu wengi wameniambia, "Ule muziki mrefu wa piano, usio na maneno, mimi siuelewi." Huwa nawajibu kwamba anauelewa mtu yeyote aliyewahi kuondoka nyumbani na kurudi, ila hajaonyeshwa pa kushika. Mimi nilionyeshwa nikiwa mtoto, mjini Rumonge, Burundi, kando ya ziwa, nikaelewa nusu. Nusu ya pili ilinifikia mwaka wa sabini na mbili, ng'ambo ya ziwa, na haikuletwa na piano.

Nianze na nyumba yetu, maana bila hiyo sitaweza kukueleza kitu.

Tulikaa kusini mwa mji, karibu na ufuko ambapo ndagala, dagaa wa ziwa letu, huanikwa mchangani. Baba alikuwa Mrundi wa hapo hapo, na kazi yake ilikuwa kukamua mawese huko Kizuka. Alirudi jioni akisukuma baiskeli, mikono imekuwa ya rangi ya chungwa hadi kwenye viwiko. Mama alitoka Kongo, upande wa Fizi. Aliletwa na wazazi wake akiwa msichana, walipokuja kutafuta riziki pwani yetu, akaolewa, akabaki. Mvua ikishaosha hewa, aliiona milima ya kwao akiwa amesimama uani kwetu. Ilikuwa karibu hivyo, na bado aliposema "kwetu" alinyoosha mkono juu ya maji.

Baba hakuwa mwimbaji. Alikuwa na kijiwimbo kimoja tu, kisicho na maneno, alichokiimba kinywa kimefungwa, mmm-mmm-mmm, kama mtu anayeonja mchuzi. Alikianza kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba. Kilianzia chini, kikapanda kidogo, kikashuka na kukaa palepale kilipoanzia. Tulipokisikia, mdogo wangu alikimbia kufungua lango, nami niliinjika maji.

Mama yeye aliimba kwa sauti, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Wimbo wake ulikuwa wa kwao:

*Ng'ambo kuna moshi, nani anapika?*
*Ng'ambo kuna moshi, nibakizieni.*

Aliuimba juu, juu sana, na jioni nyimbo hizo mbili zilipokutana langoni zilikuwa hazipatani hata kidogo. Baba alisimamisha baiskeli na kuziba sikio moja.

"Weye, huo wimbo wako uko juu kama nyani ndani ya muchikichi. Shuka, tule."

"Na wako uko chini kama chura. Panda weye."

"Nyumba ni yangu. Sauti ya nyumba ni yangu."

"Nyumba ni yako, kinu ni changu. Nilikuja nacho."

Ni kweli alikuja nacho. Kilivushwa kwenye boti pamoja naye. Mama alikuwa akituambia sisi watoto, nusu mzaha, kwamba siku akiimba wimbo ule kwa sauti ya chini ya baba, tujue amekwisha kuhama moja kwa moja, na kule ng'ambo hana tena mtu. Kwa hiyo hakushuka. Miaka yote hakushuka.

Sasa nije kwenye piano.

Uhuru ulipofika nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka bendera, na nakumbuka kwamba baadaye, mmoja baada ya mwingine, Wabelgiji waliokuwa mjini walifunga mizigo. Mmoja wao alimwachia mwenye duka la karibu na soko gramafoni ya betri na sanduku la santuri. Mwenye duka huyo tulimwita Babu. Alikuwa mzee wa asili ya Omani, lakini yeye na baba yake wote walizaliwa hapo Rumonge, na akikasirika alitukana kwa Kirundi.

Babu alipenda gramafoni yake. Aliiweka dukani kati ya vitenge na sabuni, na watu walisimama mlangoni kusikiliza. Santuri moja tu ilimkera. Ilikuwa ya piano. Ilianza vizuri, ikaenda kitambo, halafu ghafla ikarudi mwanzo kabisa na kupiga mambo yaleyale. Babu alinyanyua sindano na kuisukuma mbele kwa kidole.

"Hii disiki iko na kovu," aliwaambia watu. "Inarudirudi kama kuku aliyesahau mayai yake."

Basi akampa mwalimu wetu wa kwaya, bure, pamoja na ruhusa ya kuja kuisikiliza Jumamosi alasiri duka likifungwa. Mwalimu wa kwaya alikuwa Mkongo kama mama, mtu mwembamba mwenye subira, aliyetufundisha nyimbo za kanisa kwa do-re-mi. Jumamosi ya kwanza alikuja na kwaya nzima ya watoto, na mama akatusindikiza kwa sababu alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya wakubwa na hakutaka kupitwa.

Santuri ilianza. Ilipofika pale, ikarudi mwanzo. Babu akanyoosha kidole kuisukuma.

"Iwache, Babu," alisema mama. "Haijaharibika. Inaamkia tena."

Mwalimu alicheka hadi akashika kiti. "Mama amesema. Sina la kuongeza."

Labda wewe hukukulia kwetu, kwa hiyo nikueleze. Mgeni akifika, anasalimiwa langoni kwa Kirundi, kuulizwa kama ni amani. Amahoro? Amahoro. Nyumbani? Wazima. Watoto? Wazima. Kisha anaingizwa, anakalishwa, anapewa maji, na akishakunywa anaulizwa upya, neno kwa neno, kama vile hakuulizwa. Amahoro? Nyumbani? Watoto? Mara ya kwanza kila mtu hujibu "wazima," hata kama kuna maiti ndani. Mara ya pili ndipo mtu husema. Aliyeandika muziki ule alifanya vilevile. Ana nyimbo mbili za kukujulisha, na anajua kwamba mara ya kwanza umesikia langoni tu. Kwa hiyo anakukalisha, anarudia yote, na sasa unasikia kweli.

Mwalimu alituonyesha nyimbo hizo mbili kwa njia ambayo hadi leo naitumia. Alituambia tuiimbe do ya wimbo wa kwanza na kuishika, kinywa kimefungwa, santuri ikiendelea. Tukaishika. Ilikaa vizuri chini ya piano kama mkeka chini ya mtu. Halafu piano ikaanza kupanda, ikahangaika kidogo, ukaja wimbo wa pili, mtamu, mwororo, na do yetu ikakwaruza. Watoto walikunja nyuso.

"Mmesikia?" alisema mwalimu. "Do imehama. Ile iliyokuwa sol nyumbani, huyu wa pili ameifanya do yake. Yuko kwao."

Nilimtazama mama. Wa kwanza chini, wa pili juu, kila mmoja na do yake. Zilikuwa kama zile nyimbo mbili za langoni kwetu.

Baada ya kurudia, muziki ulikwenda mahali pengine kabisa. Tulisikia vipande vya wimbo wa kwanza, kipande cha wa pili, vimekatwa, vimepinduliwa, vinatafutana. Mwalimu alituambia tusishike do yoyote hapa. "Huku ni kuzurura. Mtu amepotea. Ukishika do hapa utaumia shingo." Betri zikaanza kuchoka, piano ikalegea na kuzama, na Babu akazitoa akaziweka juani mlangoni zipate nguvu. Tukangoja. Mwalimu hakutaka turuke, alisema waliopotea hawarukwi.

Betri zilipopata joto, tulimalizia. Wimbo wa kwanza ukarudi nyumbani, kama ulivyokuwa. "Sasa shikeni do ileile," alisema, "na msiiache hata nikifa." Tukashika. Tukangoja wimbo wa pili uje kuikwaruza. Ukaja. Haukukwaruza. Ulikaa juu ya do yetu kama vile haujawahi kuwa na nyingine. Watoto wakapiga makofi. Babu alisema, "Huu si uleule. Huu ni mwingine."

"Ni uleule, Babu. Umeshuka tu nyumbani."

Hapo nilinyoosha mkono. "Mwalimu, amelazimishwa?"

"Nani?"

"Huyo wa pili. Si alikuwa na do yake?"

Mwalimu hakucheka. Alinyanyua sindano, akairudisha kidogo nyuma, tukausikiliza tena. "Unaposikia hivi," aliniuliza, "ni kama amelazimishwa?"

Nilisema sijui. Akasema jibu hilo ni zuri, na kwamba nilitunze hadi lipate mwenzake.

Jioni nilimweleza baba yote, nikimpigia do mezani kwa kijiko. Alifurahi kupita kiasi.

"Umesikia, mama watoto? Hata piano inajua. Mwisho wa yote, mwanamke anashuka!"

"Piano haina kwao," alijibu mama, akimwekea ugali. "Mimi kwetu napaona kutoka hapa. Kula."

Miaka ikapita, nami nikawa mwalimu wa darasa la kwanza. Nilikuwa bado naishi nyumbani.

Mwisho wa mwezi wa nne, mwaka wa sabini na mbili, mauaji yalifika kwetu. Waliuawa watu wa kila namna, kwanza hawa, kisha wale, kisha wengi zaidi, na kwa muda mrefu. Wengine wameandika habari hizo kwa kirefu, mimi nitasema yaliyotupata sisi tu. Baba alikuwa Kizuka. Barabara ilikuwa haipitiki. Jirani yetu mvuvi alikuwa na nafasi kwenye boti yake asubuhi ile, na mama alisimama uani akimtazama yeye, akiutazama upande wa Kizuka, akitutazama mimi na mdogo wangu. Halafu alikishika kinu.

"Mama," alisema mvuvi, "kinu hapana. Watu kwanza."

"Nilikuja nacho."

"Mama."

Akakiacha. Tukavuka.

Tulifikia kwa kaka yake, upande wa Fizi, kwenye nyumba ile ile alimozaliwa. Mjomba alitupokea kama watu wanavyopokewa. Mke wake, tuliyemwita shangazi, alimpa mama kinu chake mwenyewe. Na kila boti iliyofika kutoka Burundi, mama alishuka ufukoni kuuliza. Kuna mtu wa mawese wa Kizuka? Mtu mrefu, mikono ya chungwa? Watu walitikisa vichwa, au walisema wamemwona mtu wa namna hiyo, halafu ikawa si yeye.

Sombe alitwanga, lakini kimya. Nilidhani ni huzuni tu. Siku moja nikamfuata uani na macho yangu yakaenda alikokuwa akitazama. Ng'ambo sasa ilikuwa kwetu Rumonge. Na palikuwa na moshi. Nikaelewa kwa nini wimbo ule haukuweza kutoka kinywani mwake.

Sijui zilikuwa wiki ngapi. Moshi uliisha kabla ya boti kuisha. Asubuhi moja, nikiwa nachambua ndagala mlangoni, nilisikia mchi, na juu ya mchi nikasikia maneno yale.

*Ng'ambo kuna moshi, nani anapika?*

Aliimba kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Lakini kuna kitu hakikuwa sawa. Wimbo ulikuwa na uzito mwingine, rangi nyingine. Nikafunga kinywa na kufanya kama nilivyofundishwa. Nilitafuta do. Nikauimba taratibu, pembeni, mmm-mmm-mmm, ule wimbo wa baba wa kwenye kona.

Uliingia. Haukukwaruza popote.

"Mama," nilisema. "Umeshuka."

Hakuacha kutwanga. "Nimeshuka."

"Ulisema siku ukishuka..."

"Nilisema mengi." Alimwaga majani mengine ndani ya kinu. "Sahani yake naiweka kila siku, shangazi yako anaona nimechanganyikiwa. Sauti yake nayo niiweke wapi? Hii hapa, nimemwekea. Akija ataikuta."

Hapo, msikilizaji, ndipo jibu langu la "sijui" lilipopata mwenzake. Nilikuwa nimekaa na ndagala mapajani, nikiwa mtu mzima, na nikaisikia ile santuri yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wimbo wa pili haukulazimishwa. Ulikuwa umepitia kule kwenye kuzurura, mahali pasipo na do yoyote ya kushika, na uliporudi ulichagua pa kukaa. Wala haukuacha kuwa wenyewe. Maneno yalikuwa yaleyale, mapigo yaleyale. Sakafu tu ndiyo ilikuwa ya mwingine, na ulisimama juu yake kwa mapenzi.

Tangu siku hiyo mama aliimba kila asubuhi, chini vile.

Kisha ikawa hivi. Njia ya kutoka ufukoni ilipita nyuma ya ua wa mjomba, ambao ulikuwa wa matete, mrefu kuliko mtu. Mama alikuwa akitwanga. Nilisikia nyayo za mtu mmoja nje ya ua, mtu anayetembea polepole. Zilitupita. Zikaenda hadi penye kona, zikasimama. Zikasimama muda mrefu. Kisha zikarudi.

"Hodi," sauti ilisema kutoka nje. Ilikuwa imekauka, kama ya mtu mgonjwa. "Amahoro. Samahani, mama unayeimba."

Mchi ukabaki hewani.

"Amahoro," alisema mama.

"Namutafuta mwanamuke mmoja, ametoka Rumonge. Huo wimbo wako na yeye anaujua. Lakini yeye anauimba juu."

Nilitaka kusimama. Mama alininyooshea kiganja, nikae.

"Huyo mwanamke," aliuliza, "amekufanya nini?"

"Amenizoeza kelele. Sasa silali."

Mchi ulianguka. Mdogo wangu alifika langoni kabla yetu. Baba alikuwa amekonda hadi nguo zilikuwa kama zimetundikwa, na mikono yake haikuwa na rangi ya mawese tena, ilikuwa mikono ya mtu yeyote. Ndiyo maana watu wa kwenye boti walikuwa hawamjui.

"Ulitupita," mama alimwambia, akimshika mkono wa shati. "Nilikusikia. Ulitupita!"

"Nilijua wimbo. Nikasema huyu si wangu, wangu ni nyani."

"Miaka yote hiyo unanijua kwa kelele tu?"

"Ningejuaje kwamba utashuka? Hukuniambia."

Mama alijifuta uso kwa kitenge. Kisha akafanya linalopaswa kufanywa. Palepale langoni, mbele ya mjomba na shangazi waliokwisha kutoka, alimuuliza.

"Amahoro?"

"Amahoro."

"Nyumbani?"

"Wazima."

"Jirani? Mwalimu wa kwaya? Babu wa duka?"

"Wazima," alisema baba. "Wote wazima."

Tukamwingiza. Tukamkalisha mkekani, nikamletea maji, akanywa yote. Mama alikaa mbele yake, magoti yakigusana, akangoja aweke kikombe chini. Ndipo akaanza tena, kwa upole, neno kwa neno. Amahoro? Nyumbani? Na mara hii baba alisema. Alisema mmoja mmoja. Babu alikuwa amefunga duka na kuondoka na jamaa zake, salama. Nyumba ilikuwa imechomwa. Jirani aliyetuvusha alirudi kuchukua wengine na hakuonekana. Mwalimu wa kwaya pia hakuonekana, na sikumwona tena maishani. Mama alipokea kila jibu kwa kuitikia kwa kichwa, na aliposikia la mwisho alimkamata baba mikono yote miwili.

Kisha akampakulia. Sahani ilikuwa tayari.

Waliishi miaka mingi baada ya hapo, kwanza Fizi, baadaye tena Rumonge, kwenye nyumba mpya kiwanja kilekile. Kinu hatukukikuta. Baba alipopata nguvu tena, alimwomba mama apandishe wimbo wake, auimbe juu kama zamani. Mama akajaribu, wakacheka wote wawili, akashuka. "Nimezoea hapa," alisema. "Panda weye."

Nami nimefundisha watoto wengi, na nikipata gramafoni, redio, chochote, huwasikilizisha muziki wa namna ile. Wakiniambia hawauelewi, siwaelezi sana. Nawaambia wafanye jambo moja, nawe ulifanye leo ukiweza. Tafuta sonata ya piano, uchukue sehemu yake ya kwanza. Ikianza, itafute do yake na uiimbe kinywa kimefungwa. Ikirudi mwanzo, usiisukume mbele, iache ikuamkie tena. Do yako ikikwaruza, nyamaza, lakini usiisahau. Inapozurura, ngoja. Na wimbo wa kwanza utakaporudi, ishike do yako tena, na usiiache hadi wimbo wa pili ufike.